Sekunde Moja Chini ya Afrika: shajara ya mradi wa ramani ya Pn

4 Februari

Tumeanza. Tuko wanne katika chumba kimoja hapa Nairobi: Mwalimu, aliyejifunza kusoma mitetemo enzi za karatasi na sindano ya wino, dada anayetuandikia programu, fundi wa vituo, ambaye kumkuta mezani ni bahati, na mimi, ninayepiga alama za muda. Tunataka kuchora ramani ya kasi ya mawimbi ya tetemeko katika sehemu ya juu kabisa ya mantili, yaani ule mwamba unaoanza pale ganda la dunia linapoishia, chini ya Afrika kwa kadiri data itakavyotufikisha.

Wimbi tunalolifuata linaitwa Pn. Nyumbani nikiulizwa ni kitu gani, hujibu kwa mfano wa Expressway. Magari mawili yametoka Westlands kwenda Mlolongo. Moja limebaki chini, kwenye barabara ya kawaida, likisukumana na msongamano. Lingine limepanda juu, likaenda mbio, likashuka mwishoni. Anayeshukia karibu hapati faida, kwa sababu kule kupanda na kushuka kunakula muda wote. Lakini anayekwenda hadi mwisho anafika na kumsubiri mwenzake. Tetemeko hufanya vivyo hivyo, ila njia yake ya mbio iko chini. Wimbi linalobaki ndani ya ganda huenda kilomita 6 na kitu kwa sekunde. Linalozama hadi kwenye mantili, likatambaa chini ya mpaka na kupanda tena, huenda takriban 8. Ganda likiwa na unene wa kilomita 35 hadi 40, basi kuanzia umbali wa kilomita 200 na ushei lile la chini ndilo linalotangulia kufika.

Andrija Mohorovičić aliliona jambo hili kwenye rekodi za tetemeko la 8 Oktoba 1909 karibu na Zagreb. Aliona mawimbi ya aina moja yakifika mara mbili, akatambua kwamba lazima huko chini kuna mpaka. Mpaka huo mpaka leo tunauita Moho, kifupi cha jina lake.

Ile 8 haiko sawa kila mahali, na hapo ndipo penye habari. Mwamba wa kale uliopoa hupitisha Pn kwa 8.2 au zaidi. Penye joto kali hushuka hadi 7.6. Hakuna mtu aliyewahi kuchimba hadi huko. Shimo refu kuliko yote, la Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na kitu. Kwa hiyo tunategemea matetemeko na saa.

10 Februari

Siku nzima ya orodha. Vituo vya kudumu havitoshi, ila vimetawanyika vizuri: Kilima Mbogo hapo ng'ambo ya Thika, Mbarara, Furi nje ya Addis Ababa, Arta kule Jibuti, Lusaka, Tsumeb, Lobatse, Boshof, Bangui, Tamanrasset. Juu ya hivyo tunaongeza vituo vya muda vya miradi iliyopita: Tanzania 1994 hadi 1995, kusini mwa Afrika 1997 hadi 1999, Ethiopia 2000 hadi 2002, Kenya 2001 hadi 2002, kisha vya AfricaArray, mtandao wa vituo vya Afrika.

Kwa Kenya tuna bahati nyingine. Mradi wa kimataifa wa KRISP, uliochunguza Bonde la Ufa la Kenya mwaka 1985, 1990 na 1994, haukusubiri matetemeko. Ulilipua baruti ndani ya maziwa na mashimo, ukapanga vipimo kwa mistari mirefu. Mlipuko una faida kubwa: unajua ulipotokea na sekunde uliyotokea. Ndio waliotuonyesha kwamba chini ya Naivasha ganda lina unene wa kilomita 35 hivi na kule Turkana linabaki kama 20, na kwamba Pn chini ya mhimili wa Bonde la Ufa huenda kwa 7.5 hadi 7.8, wakati nje ya bonde inarudi kwenye 8 na zaidi. Ramani yetu isipolingana na hayo, kosa ni letu mpaka tuthibitishe vinginevyo.

Jambo moja limeniuma leo. Nilichora mistari yote ya mawimbi kwenye ramani tupu ya bara. Mashariki ni kama mkeka, mistari imesukana. Kusini panaridhisha. Kongo kuna nyuzi chache, zote zikielekea upande mmoja. Sahara na Afrika Magharibi ni kama pamefagiliwa, kwa sababu matetemeko ni haba na vituo ni haba. Nimependekeza kichwa cha mradi kisiseme "Afrika" bila maelezo. Mwalimu amesema tusubiri ramani yenyewe itueleze imefika wapi.

17 Februari

Wiki ya kupiga alama. Ninaeleza hapa jinsi tetemeko moja linavyosomwa, kwa sababu kila rangi itakayokuja kwenye ramani inatoka kwenye kitendo hiki kidogo.

Bukoba, 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Ukubwa 5.9. Kituo cha Kilima Mbogo kiko kilomita 600 na kitu upande wa mashariki. Kwenye skrini mstari unakwenda ukitetemeka kidogo kidogo. Huo ni upepo, ziwa, magari, bahari ya mbali. Halafu, baada ya sekunde themanini na kitu tangu tetemeko litokee, mstari unainuka. Hauruki. Unainuka kwa unyenyekevu, mzunguko mmoja mdogo, kama mtu anayebisha hodi akiogopa kumwamsha mgonjwa. Hiyo ndiyo Pn. Sekunde ishirini hivi baadaye linaingia lile la ganda, kubwa, na yeyote angeliona. Ugumu wa kazi ni kwamba kinachotakiwa ni hodi, na hodi ni ndogo.

Ninavuta skrini hadi sekunde mbili zijaze upana wote. Ninachuja kelele, kisha ninaangalia tena bila kuchuja, maana chujio likizidi linausogeza mwanzo wa wimbi. Ninapiga alama. Ninaandika kando nina hakika kiasi gani: sehemu ya kumi ya sekunde, robo, nusu. Zile za zaidi ya nusu ninazitupa. Mwanzoni nilikuwa nazionea huruma, hasa zikiwa za Kongo ambako kila mstari ni mali. Mwalimu alinikalisha akanionyesha hesabu: katika kilomita 800 Pn hutumia sekunde 100 hivi, kwa hiyo kosa la sekunde moja ni asilimia moja ya kasi. Katika kilomita 300 ni karibu asilimia tatu, na asilimia tatu ndiyo tofauti yenyewe tunayoitafuta.

18 Februari

Stima ilipotea saa tano asubuhi, ikarudi jioni. Alama za Machaze, lile tetemeko la Msumbiji la 2006, zilikuwa zimehifadhiwa. Nyingine za asubuhi nitarudia.

3 Machi

Ramani ya kwanza! Dada alimaliza programu usiku wa kuamkia leo. Kanuni yake ni ya zamani na ni safi. Muda wa safari unagawanywa vipande vitatu: kushuka chini ya tetemeko, kupanda chini ya kituo, na mwendo wa katikati ndani ya mantili. Kila tetemeko linapewa namba moja ya ucheleweshaji, kila kituo kinapewa yake, na kinachobaki kinagawiwa miraba ya ramani ambayo wimbi limepita chini yake. Namba ya kituo si ya kupuuzwa: ganda likinenepa kwa kilomita 10, wimbi linachelewa sekunde 0.9 hivi, bila mantili kuhusika kabisa.

Rangi zikatokea, samawati penye kasi, nyekundu penye polepole. Kratoni ya Tanzania, kile kisiwa cha mwamba wa kale katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, imekaa samawati iliyokolea, juu ya 8.3. Wale wa vituo vya 1994 walikuwa wameliona hilo, na sisi tumelipata tena kwa njia yetu. Bonde la mashariki limejichora kama utepe mwembamba mwekundu. Na kaskazini, mbali na bonde, doa jekundu kubwa, chini ya 7.7, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyetegemea.

Sijui kama nililala.

6 Machi

Tangu Jumatatu tunazungumzia doa. Tumelipatia maelezo matatu, yote ya kuvutia: tawi la joto linalopanda kutoka chini kabisa, masalia ya volkano za kale, unyevu ndani ya mwamba. Leo Mwalimu amesikiliza yote kimya, akavua miwani, akauliza, "Mwanangu, hilo ni joto au ni saa?"

Nilijibu kwamba saa mbovu ingemezwa na namba ya kituo. Akasema: saa iliyokosea kwa kiasi kilekile kila siku, ndiyo, itamezwa. Saa inayozidi kukosea haimezwi. Kituo kina namba moja tu, na kosa linakua. Ziada inatafuta mahali pa kwenda, nayo inakwenda kwenye ramani.

Mistari yote inayolibeba lile doa, nimehesabu, inaishia kwenye kituo kimoja. Kituo hicho sitakitaja.

9 Machi

Njia ya kuijaribu saa bila kuigusa: tumia matetemeko ya mbali sana. Wimbi la kutoka Indonesia au visiwa vya Pasifiki ya kusini hutufikia likipanda karibu wima, na vituo viwili jirani vinapaswa kutofautiana kwa kiasi kidogo ambacho hakibadiliki mwezi hadi mwezi. Nimepanga miezi minane ya matetemeko hayo. Mwanzoni kituo chetu kinakwenda sawa na jirani zake. Kisha kinachelewa sehemu mbili za kumi za sekunde. Kisha nne. Mwishoni kinakaribia sekunde nzima. Mantili haibadiliki kwa miezi minane. Saa ilikuwa inakimbia, na kila wimbi likaandikiwa muda wa mbele na kuonekana limechelewa.

Milisekunde chache tu kwa siku. Kumi kwa siku, ukizipa siku mia, ni sekunde moja.

11 Machi

Saa ya kituo hurekebishwa na GPS. Ikikosa setilaiti inajiendea yenyewe. Faili za hali ya mashine zinaonyesha mara ya mwisho ilipoziona: muda mfupi baada ya saa 07:00 ya kimataifa, siku fulani. Tungezifungua faili hizo mapema, lile doa lisingezaliwa. Hilo tumeliandika kwenye utaratibu wetu leo, kama hatua ya kwanza kabla ya alama yoyote.

Lakini kwa nini ilizikosa? Kwenye kompyuta, kumbukumbu za kituo za siku hiyo zilionyesha ziara moja, saa 04:00. Haikulingana, tukaiacha. Jioni fundi akaleta daftari lenyewe la mlinzi, lile la kurasa 96 lenye meza za hesabu kwenye jalada la nyuma. Mwandiko wa kalamu ya bluu, herufi zimesimama wima: "Jua kali. Nimewekea mashine paa la mabati. Saa 4 asubuhi."

Saa nne asubuhi. Aliyeinakili kwenye kompyuta aliandika 04:00, akaisogeza kazi ya mtu kwa saa sita. Saa nne yetu ya asubuhi ni 10:00 ya ofisini, na ni 07:00 ya kimataifa. Ililingana kabisa.

Fundi akapiga simu palepale, akaweka spika. "Shikamoo Mzee." "Marahaba, mwanangu. Mashine yenu inaendeleaje? Niliona inachomwa na jua, nikaitafutia mabati yaliyobaki ya choo." Alikuwa amefunika kila kitu, na ile antena nyeupe ya duara pamoja nacho. Mabati hayapitishi GPS. Fundi alimweleza polepole, kwa heshima, kwamba kifuniko ni kizuri na kibaki, ila kile kiduara cheupe kinahitaji kuona mbingu. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe nacho kina kazi. Hakuna aliyeniambia."

Hakuna aliyemwambia. Yeye ameandika daftari lile kila siku kwa miaka, na ndilo lililotuokoa.

20 Machi

Tulibishana siku mbili kuhusu miezi iliyoharibika. Dada alitaka tuchore mstari ulionyooka kwenye kosa na kulisahihisha. Mimi nilitaka tuitupe. Kristali ya saa hubadilika na joto, na chini ya mabati mchana na usiku si sawa. Mstari haunyooki hivyo. Tumeitupa.

Ramani mpya: doa limekwenda. Limebaki kivuli hafifu kisichozidi mashaka yetu wenyewe. Nilidhani nitasikitika. Nimekaa nikiangalia utepe wa Bonde la Ufa, ambao haukusogea hata kidogo, na nikajiona ninauamini kuliko wiki iliyopita.

Nimeufanyia hesabu kwa mkono. Chukua mstari wa Bukoba hadi Kilima Mbogo. Sehemu kubwa unapita chini ya Ziwa Victoria na pembezoni mwa kratoni, kisha karibu na mwisho unakata bonde. Kama bonde lina upana wa kilomita 80 huko chini na kasi inashuka kutoka 8.2 hadi 7.6, wimbi linapoteza robo tatu ya sekunde hivi. Yaani Bonde la Ufa lote, na joto lake lote, linagharimu muda mdogo kuliko paa moja la mabati. Ndiyo sababu utepe huu hauthibitishwi na mstari mmoja. Unathibitishwa na mistari mingi, ya vituo mbalimbali na miaka mbalimbali, inayopoteza muda mahali palepale, pamoja na milipuko ya KRISP ambayo saa yake haina shaka.

27 Machi

Jaribio la ubao wa drafti. Tunabuni bara la uongo lenye miraba ya haraka na ya polepole kwa zamu, tunatuma mawimbi ya kubuni kwenye mistari yetu halisi, tunaona miraba mingapi inarudi na umbo lake. Kwa miraba ya nyuzi mbili za latitudo na longitudo, Kenya na Tanzania zimerudi karibu kamili. Ungeweza kupanga vizibo vya soda ukacheza. Kusini inarudi, kingo zikiwa zimelainika. Kongo miraba imevutika ikawa michirizi inayofuata mistari ya mawimbi. Magharibi haikurudi kitu.

Mwalimu amekubali: pasiporudi miraba tutapapaka kijivu. Nimefurahi. Kijivu ni kingi.

14 Aprili

Mvua kubwa. Mbili kati ya njia zetu za kazini zimefurika, nimeandikia nyumbani.

Swali la wiki ni la maana ya namba. Mwamba wa mantili, peridotiti, hupoteza takriban nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka. Kutoka 8.2 hadi 7.6 ni mita 600 kwa sekunde. Ukitaka joto peke yake libebe tofauti hiyo, unahitaji nyuzi 1,200 za ziada, na mwamba hauwezi kufika huko ukabaki mgumu wote. Ungeanza kuyeyuka kabla. Hata watu wa KRISP walifika hapo: asilimia chache za mwamba ulioyeyuka, umejipenyeza katikati ya chembe za olivini, madini makuu ya mwamba huo. Kidogo hicho kinatosha, kwa sababu mwamba ulioyeyuka katikati ya chembe unalegeza mwamba wote kuliko joto lenyewe.

Upande wa Tanzania ni kinyume. Mantili ya chini zaidi ya eneo hilo ina joto jingi, masomo mengi yamelionyesha hilo, lakini Pn haiendi huko. Inapita juu, kwenye kifuniko cha kratoni, nacho bado ni baridi na kigumu. Ramani yetu haisemi chochote kuhusu kilomita 200 kwenda chini, na nimeliandika hilo kwenye rasimu mara mbili ili msomaji wa haraka asilikose.

2 Mei

Tulikwenda na fundi kuangalia eneo la kituo kipya, tukateremka kwa Mai Mahiu. Tulisimama pale juu wanapouza ngozi za kondoo. Longonot mbele yetu, Suswa kushoto kwenye ukungu. Nimepita hapo tangu utotoni. Leo nilikuwa ninahesabu: kilomita 35 chini ya vile viatu vyangu vya matope unaanza mwamba wa 7.6, na ukingo wake uko karibu hapa hapa. KRISP walionyesha kwamba huko chini mabadiliko ni ya ghafla pia, si mteremko wa taratibu. Ukuta juu, ukuta chini. Fundi alinunua mahindi ya kuchoma tukaendelea.

Olkaria mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha stima tangu 1981. Naona watu wakiuliza kama ramani yetu itawaonyesha pa kuchimba. Haiwezi. Miraba yetu ina upana wa zaidi ya kilomita 100, na kisima kinahitaji kujua mita. Inachoonyesha ni kwa nini moto uko upande huu wa nchi na hauko ule.

19 Mei

Rasimu imetoka kwa Mwalimu ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa. Kichwa sasa kinataja mashariki na kusini mwa Afrika. Kwenye shukrani kuna mlinzi wa kituo, pamoja na daftari lake.

Dada ameongeza sehemu ndogo kwenye programu: ukiandika saa, inakuuliza ni saa ya aina gani, na inakubali "saa 4 asubuhi" kama ilivyo.

23 Mei

Fundi amerudi kutoka kaskazini. Antena iko juu ya mlingoti wa bomba, mita mbili nje ya paa. Mabati yamebaki. Ametuma picha ya Mzee amesimama kando ya mlingoti, mkono kiunoni, akionyesha juu kwa kidole.

Usiku kuamkia leo lilitokea tetemeko dogo upande wa Natron. Nimefungua rekodi ya kituo kile kwanza, na kabla ya rekodi nimefungua faili ya hali ya mashine. Setilaiti tisa. Nikavuta skrini hadi sekunde mbili. Hodi ilikuwa ndogo lakini safi, na nimepiga alama: hakika, sehemu ya kumi.